Mikono Itakayoniosha

Bismillahi. Salama mwanangu, wewe uliye mkubwa, uinue kidogo huo mto, na wewe Swalehe sogea, na mkeo Habiba asikae mlangoni kama mgeni, maana leo yeye ndiye ninayemwonea haya kuliko ninyi nyote. Tegeni masikio, wanangu. Pumzi yangu ni ya kuungaunga na maneno haya sitayarudia.

Mali ni nyepesi kuitaja. Shamba la mpunga la hapa Maparoni ligaweni kama dini inavyosema, wala msigombee mpaka na watoto wa jirani yetu Mtoro. Haki ni yao, mimi niliusogeza kwa ubishi tu. Minazi ya uani ni ya Salama. Mashine ya kukamulia ufuta achukue Swalehe.

Sasa lile zito. Tangu ujana wangu mimi ni mkamuzi wa mafuta, na watu wa Kibiti mpaka Mloka waliniletea chupa zao ninuse, niwaambie mafuta yamechanganywa na nini. Basi Habiba alipoanza kunipaka mguu huu unaoniuma, mvua za vuli zilizopita, akasema, "Baba, ni mafuta ya nazi, nimetia mchaichai," mimi nilijua kabla hajarudisha kizibo. Ilikuwa bangi. Majani yalikaushwa kivulini, yakatiwa kwenye mafuta ya nazi, yakapashwa taratibu juu ya maji ya moto, yakachujwa kwa kitambaa. Nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba asiyeuliza hana dhambi, mguu ukatulia, nikapata usingizi niliokuwa nimeusahau. Ijumaa ikifika nakwenda msikitini kwa mguu huohuo, nawaambia vijana kwamba mmea ule ni laana, majani yake, mbegu zake na kila anayeugusa. Aibu, wanangu. Imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Na nilijua ni kazi ya mkono wa nani.

Ndugu yenu Mshamu alianza vibaya, sikatai. Alifuata wajuaji wa Dar wakamfundisha njia ya mkato, kuloweka majani kwenye spiriti kisha kuichemsha mpaka ibaki lami nyeusi. Mvuke ukajaa kibandani, ukakutana na moto, kibanda kikalipuka, mikono ikamuungua mpaka viwikoni. Nasikia wengine hutumia mitungi ya gesi, nao hulipukiwa vilevile. Na wako nchi za mbali wanaokamua mbegu za bangi kama ufuta, wakapata mafuta ya kula yasiyolevya. Mafuta ndiyo elimu yangu, ningeweza kumwonya mtoto kwa neno moja, lakini nilikuwa nimemnunia. Alipolazwa sikwenda kumwona. Nikasimama mbele ya watu msikitini nikasema, nikifa, Mshamu asiguse maiti yangu, asinioshe. Mama yenu, Mungu amrehemu, alinishika miguu nilegeze neno, nikamkemea.

Na aliyenilaza usingizi ni yeye huyo. Habiba alikuwa akiyafuata mafuta kwake Kiongoroni kwa boti, roho mkononi kwa kuogopa polisi, na Mshamu akimsihi asimtaje, mzee asije akayakataa. Nilimtambua kwa ile njia ya kupasha juu ya maji, maana nilimfundisha Mshamu mimi mwenyewe, angali mdogo, kwa mafuta ya nazi matupu.

Siwaambii kitu hicho ni halali. Mimi si kadhi wala daktari, na serikali inafunga watu. Chupa iliyobaki imwageni leo, Habiba asikutwe nayo. Mshamu aache, arudi kwenye ufuta. Ile mashine, Swalehe, nimegeuza: iwe yenu wawili. Usikunje uso.

Na Ijumaa usimame palepale niliposimama, useme baba yangu amelifuta neno lake, kwa kuwa alijipaka kile alichokilaani, naye akijua. Habiba na Mshamu usiwataje. Unatikisa kichwa? Waache wanicheke. Maiti hafungwi jela, na aibu hii ni yangu, nisiwaachie ninyi muirithi.

Maji, Salama... kidogo tu. Basi.

Ndugu yenu yuko barazani tangu asubuhi, nimesikia kikohozi chake. Mwiteni.

Karibu, baba. Karibu. Usiifiche mikono ndani ya shati... ilete hapa kifuani. Hii ndiyo itakayoniosha, na mkono mwingine usiitangulie. Mmesikia wote?

Mungu awakunjulie, wanangu... awape riziki msiyoionea haya, na ndimi zisizowatangulia moyo. Nimewawia radhi nyote, wa ndani na wa barazani. Mzazi ndiye hutoa radhi, ndivyo tulivyokuta... lakini mimi leo naiomba. Niwie radhi, Mshamu.

Analia? Msimfute machozi, mwacheni... Sema, baba. Hata kama ni hapana... sema nikusikie.