Kona ya Mbele Kushoto

Kijiwe chetu kiko mbele ya chumba cha Kinyozi, chini ya bati lake, na mimi ndiye mwenye birika. Nasema mapema: sijawahi kuona watu wanaokunywa kahawa kidogo na kusema mengi kama hawa. Kikombe kimoja, hotuba tatu. Asubuhi ile walikuwa wamelizunguka gari la Kinyozi kama ndugu waliokuja kugawana urithi. Alilinunua kwa mtu wa njia za porini aliyekuwa ameliinua juu, ukitaka kupanda unaparamia. Na Kinyozi hakutaka fahari. Mama yake alipasuliwa nyonga, na tangu hapo hatoki, kwa sababu hataki kubebwa kupandishwa garini. "Nitatoka siku nitakayopanda gari mwenyewe," alisema, na yule mama akisema amesema. Basi Kinyozi akatafuta springi fupi ili gari lishuke, na jana yake tukazifunga sisi wenyewe, pale pale kijiweni, kila mtu na kona yake. Tukajipongeza kwamba palipo na wengi hapaharibiki neno. Kulipokucha kona tatu zimeshuka vizuri, na ya nne, mbele kushoto, mlango wa mama kabisa, iko juu vidole vitatu.

— Mama anakuja saa ngapi? nikamuuliza Kinyozi.

— Wakimaliza chai. Dada yangu anamleta kwa mguu, polepole. Kashaambiwa gari liko tayari.

— Na nani?

— Na mimi. Jana jioni, kabla sijaliona vizuri.

Kipimo, fundi cherehani, alikuwa amechuchumaa na utepe wake, anapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi.

— Mbele kulia, sawa. Nyuma zote mbili, sawa. Hii imezidi. Wala msihangaike, ni jambo la kawaida. Mteja ana mguu mmoja mrefu.

— Kwa hiyo? nikamuuliza.

— Kwa hiyo tunapunguza. Unakata springi mduara mmoja, unapiga pindo, unanyoosha na pasi.

— Utapigaje pindo chuma, wewe?

— Ndiyo maana wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Najua mwenyewe nilivyoiingiza.

Hapo akadakia Masafa. Huyu aliendesha malori mpaka magoti yakagoma, na kwa maelezo yake hakuna barabara asiyoijua wala gari lisilomjua.

— Asikate mtu kitu! Kona hiyo niliifunga mimi, na nilimaliza wa kwanza, mashahidi mpo. Nyie mko chini ya gari mnabembeleza boliti, mimi nanawa mikono.

— Kweli ulimaliza kwanza, nikasema. Ukaja ukanimalizia na birika.

— Basi. Tatizo ni ardhi. Hapa pameinama.

Tukaona ana hoja. Tukalisukuma gari, tukaligeuza, mbele ikawa nyuma. Jasho likatutoka bure. Kona ikageuka na gari lake, juu vile vile.

— Ardhi haina kosa, akasema Kinyozi.

— Basi ni mazoea, akasema Masafa bila hata kumeza mate. Gari limebeba dereva mnene miaka yote, upande wa kulia. Kulia kumezoea kulala. Kushoto hakujui kulala.

— Springi mpya, kaka. Zimezoea lini?

— Springi mpya, bodi ya zamani! Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

— Nduguye nani sasa?

— Springi ya kulia! Ya kushoto inaitegemea!

Kipimo akatikisa kichwa kwa huruma.

— Mzee, hapo umeteleza. Ni jua. Kona hiyo ndiyo iliyopigwa na jua la asubuhi. Chuma kikipata joto kinarefuka. Tukimwagia maji itarudi.

— Jua lipi la kuinua gari? akasema Masafa. Na dunia yenyewe imelala upande, hujasikia? Kila kitu kiko kombo, nyumba, miti, na sisi hapa. Huenda gari ndilo peke yake lililonyooka.

— Yaani gari liko sawa, sisi ndio tumeinama?

— Sijasema. Ila fikiri.

Na Kipimo akafikiri! Akainamisha shingo upande wa kulia, akalitazama gari kwa jicho moja, akasema kweli, ukilitazama hivi limenyooka. Nilitamani kummwagia kahawa.

Kinyozi hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, taulo la kazi begani.

— Jamani, nawaheshimu. Lakini mama amekaa ndani anaangalia ukuta tangu atoke hospitali. Akija akakuta ni mlango wake tu ulio juu, atageuka arudi, na mimi sitakuwa na mdomo wa kumwita tena. Naogopa, nawaambia kweli.

Nikamsogezea kikombe.

— Na usukani? nikamuuliza.

— Nao umekaa kombo. Nikiuachia, gari linavuta pembeni. Hilo ni la alaimenti, ukishusha gari lazima magurudumu yapangwe upya. Nimempigia fundi wa mashine, kasema hapimi gari lililosimama mguu upande. Kwanza likae sawa, ndipo niende.

— Si nilisema mguu! akashangilia Kipimo.

Lakini mama alikuwa ameshakunja kona ya mtaa. Fimbo mkono mmoja, binti yake mkono wa pili. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Viatu hivyo vilinitia uchungu, sijui kwa nini.

— Shikamoo, mama! tukaimba wote.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo? Ndilo hili?

Akalizunguka gari taratibu, anagusa kila tairi kwa fimbo. Alipofika mlangoni kwake, akampa binti fimbo, akashika mlango, akainua mguu. Ukafika katikati. Akaushusha. Akaujaribu tena, ukafika pale pale. Hakukasirika, na heri angekasirika.

— Kazi nzuri, akasema. Lakini mbona hapa kwangu tu ndipo mmepaacha juu?

Swali lenyewe ni hilo tu. Kipimo akaanza kuviringa utepe wake. Mimi nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikanichoma vidole. Masafa, aliyekuwa na jibu la ardhi, la mazoea na la dunia nzima, akamaliza funda lake la mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

— Mama, hiyo kona ni yangu. Wenzangu walisubiri gari liguse chini, ndipo wakakaza boliti za mwisho. Mimi nilikaza likiwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia. Nilitaka nimalize wa kwanza.

— Na hiyo inadhuru?

— Inadhuru. Ule mkono unaoshika gurudumu una mpira ndani. Ukiubana huku gurudumu linaning'inia, mpira unang'ang'ania pale pale, ukishusha gari unalisukuma juu. Nalijua hilo tangu ujana. Nimebwabwaja asubuhi nzima ili nisiliseme.

— Na shingo yangu ukaikunja! akasema Kipimo.

— Linatengenezeka? akauliza mama.

— Ni kulegeza na kukaza upya likiwa chini.

— Basi legeza, baba. Nipeni kiti.

Tukapandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene, gari likasimama kwa uzito wake lenyewe, tukazuia matairi kwa mawe. Kinyozi alitaka kuingia chini, Masafa akakataa katakata. Akalala chali na magoti yake mabovu, anaguna kuliko gari. Boliti zilipolegea, kona ikatoa mlio, ikashuka mbele ya macho yetu. Akazikaza hapo hapo. Tukalitoa kwenye mbao, Kipimo akapima, akapima tena.

— Imebaki unywele mmoja.

— Unywele niachieni mimi, akasema Kinyozi, na ndiyo mara ya kwanza siku hiyo kumwona anacheka.

Mama akainuka. Binti akanyoosha mkono.

— Usinishike.

Akashika mlango. Mguu ukapanda, ukaingia. Akakaa, akauvuta wa pili kwa mkono, akafunga mlango mwenyewe, pu! Kinyozi akageukia ukuta, akajifuta macho na taulo la wateja wala hakujificha. Masafa alikuwa bado amekaa chini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Na mimi nilifurahi mpaka nikawaongezea kahawa bila kuombwa, jambo ambalo hawajalisahau mpaka leo.

— Mama, akasema Kinyozi dirishani, usukani bado kombo. Naenda nao taratibu hapo kwa fundi wa alaimenti, si mbali. Wewe nisubiri hapa kidogo.

— Nisubiri tena? Nakwenda huko huko.

— Kule hakuna kitu, mama. Mashine na oili tu.

— Sijawahi kuziona. Washa gari.

Kinyozi akazunguka, akaingia, akawasha. Gari halijasogea, mlango wa kushoto ukafunguka. Mama akatoa mguu mmoja, kisha wa pili, akashuka, akasimama barabarani.

— Mama! Umesahau nini?

— Sijasahau kitu, akasema, akashika mlango. Napanda tena.