Tulifuta Majina, Tukaacha Kazi Zao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Taasisi yetu, wazee wetu mliokubali kutoka bondeni mje kuketi nasi, watafiti wenzangu, makarani na wahudumu, mke wangu na wanangu: kama kuna niliyemruka, anisamehe, maana leo nina mengi ya kuombea msamaha.

Nimesikia sifa nyingi asubuhi hii. Mkurugenzi amesema utafiti wangu wa afya ya wenyeji wa asili wa bondeni ndio uliotujengea heshima, na kwamba tangu leo chumba cha kumbukumbu kitaitwa kwa jina langu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji zamani, hata kabla ya kusifiwa.

Miaka kumi na minane iliyopita, katika chumba hicho hicho, nilikuta madaftari ya hospitali ya zamani, yenye habari za wagonjwa wa bondeni waliotibiwa miaka arobaini kabla ya hapo. Niliyasoma miezi minane. Ruhusa nilikuwa nayo: barua ya Taasisi, sahihi tatu na muhuri. Wenye bonde sikuwauliza. Ningewauliza nini, nilijisemea, ikiwa majina yote nimeyafuta?

Karani wetu wa masijala, yule aliyeketi nyuma kabisa karibu na mlango, ambaye leo hakuna aliyekumbuka kumtaja, ni mzaliwa wa bondeni. Alipokuwa akinipigia chapa makala aliniambia kwa upole kwamba nimefuta majina lakini nimeacha kazi, na kwao mtu hujulikana kwa kazi yake: mhunzi, mfinyanzi, mkunga. Nilicheka, makarani wadogo wakisikia. Nikamjibu kwamba kamati ya Taasisi imeshapitisha, yeye apige chapa tu. Kaka, nilikukosea, na ninalisema hili mbele ya wakubwa kwa sababu nilikudharau mbele ya wadogo.

Makala ikachapishwa. Nikaenda bondeni kifua mbele kuwasomea matokeo, katika darasa la shule yao, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Nikasoma: mkunga, umri miaka arobaini, mama wa watoto tisa, aliletwa na mumewe. Kisha nikataja maradhi yake. Darasa zima likanyamaza, nami kwa ujinga wangu nikadhani wamevutiwa. Bonde lile halikuwahi kuwa na wakunga wawili kwa wakati mmoja. Binti yake, aliyerithi kazi hiyo, alikuwa kwenye dawati la mbele.

Alisimama taratibu, akasema, "Mwanangu, mama yangu alimwambia daktari hayo mlango ukiwa umefungwa. Wewe nani alikufungulia?"

Je, ninyi mngemjibu nini? Mwaka ule akina mama wakaanza kumkwepa, wakihofia kwamba maradhi ya mama yamo mikononi mwa binti. Mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa bonde akawa anashinda nyumbani, haitwi na mtu. Mimi mwaka huo huo nilipandishwa cheo, nikanunua suti mpya. Maji yakimwagika hayazoleki, ndugu zangu, na ninaona aibu. Nimeona aibu kila siku nilipopita mbele ya chumba kile, na bado nilikaa kimya miaka kumi na minane.

Kwa hiyo, Mkurugenzi, nakuomba kwa heshima kibao chenye jina langu kisipigiliwe mlangoni. Mahali pake pawekwe sharti: daftari la bonde lisifunguliwe kabla wazee na familia hawajaulizwa, na wakikataa, wawe wamekataa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa binti yule wa mkunga kumwomba ruhusa ya kuwasimulia haya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba chochote. Alinipa kiti. Kisha akasema, "Mimi nitaje, wameshanijua. Ugonjwa wa mama usiutaje."

Ndiyo maana hamjausikia. Makala ile bado imo maktabani kwetu, ghorofa ya chini, na ninajua humu ndani kuna mioyo inayowashwa kutaka kujua. Nawasihi msiende kuitafuta. Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni zaidi mkitoka hapa bila kuuliza.