Bundi Kinamasini

Basi la mjini Svolvær lilijaa, na Torleif akamwambia mkewe wamebanana kama samaki wa heringi kwenye pipa.

"Waingereza husema dagaa kwenye kopo," Gunnvor akadakia, uso umemchangamka. "Geoffrey kaniambia."

Geoffrey alikuwa mpangaji wao tangu Januari. Torleif akamgeukia mkewe. "Kakwambia nini tena?"

"Kwao jambo likiwa na walakini, linanuka samaki. Nikamwambia sisi tunasema kuna bundi kinamasini. Alicheka huyo!"

"Mimi nikisema, hucheki."

"Kwani wewe unasema, mume wangu?"

Abiria wa mbele, ambao desturi yao ni kutosikia ya watu, waliacha hata kukohoa.

"Na yule chewa wa Geoffrey wa jana, mkubwa kama mtoto," Torleif akauliza polepole, "kamvulia wapi?"

Gunnvor akageukia dirisha. Chewa wa ukubwa ule walipatikana mahali pamoja tu baharini, pale mnara wa kanisa unapoonekana umelingana na mwamba mweupe. Torleif alionyeshwa mahali hapo na marehemu baba yake, na hata ndugu yake wa tumbo moja hajui. Alimwambia mtu mmoja tu duniani, usiku wa harusi yao.

"Gunnvor, nakuuliza."

Basi likasimama. "Tumefika," Gunnvor akasema, akashuka upesi.

Kufika kwao kulikuwa bado vituo viwili.