Taulo la Tanuri

Kuna jambo moja sijalielewa mpaka leo. Rafiki yetu Tanuri, mwoka mikate, alilitukana joto la mji huu kwa muda wote niliomjua. Alilitukana asubuhi akitoka zamu, akalitukana tena alasiri hapa kijiweni, taulo shingoni, akiapa kwamba siku atakayostaafu atahamia milimani alale ndani ya blanketi kama binadamu. Akastaafu, akahama na mkewe, blanketi akalipata. Na tangu afike huko, kila alasiri anapiga simu kuuliza kitu kimoja: leo jua likoje?

Kijiwe chetu ni benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka la fundi cherehani. Fundi tunamwita Futi, kwa sababu ya ile futi ya kupimia isiyotoka shingoni mwake. Kahawa anauza Mama Kahawa. Mwenye neno la mwisho ni Gurudumu, aliyeendesha gari la wagonjwa mpaka akazeeka, na ambaye anaamini kabisa kwamba amesomea udaktari, ingawa wagonjwa wote alikuwa amewapa mgongo. Mwisho wa benchi, upande wenye kivuli, liko taulo la Tanuri, limekunjwa palepale alipokuwa anakaa. Alituachia siku ya kuhama. “Huko sitatoka jasho,” alisema. Hakuna anayelikalia. Simu ya Mama Kahawa ikiita, tunaiweka juu ya taulo na kuifungua sauti, naye anakuwa kama yupo.

Siku ninayoisimulia, iliita kahawa ikimiminwa.

— Leo jua likoje? ikauliza simu.

— Lami inanata viatuni, akajibu Futi.

— Acha uongo wewe!

Alisema kama mtu anayeonewa.

— Tuache sisi, Gurudumu akaingilia. Habari ya presha yako?

— Imeshuka. Nesi wa huku kanipongeza. Ati nina mishipa ya kijana.

— Imeshuka! Gurudumu akatutazama mmoja mmoja. Mmesikia? Tairi likipungua upepo, kuna mtu analipongeza?

— Nani kakwambia mtu ni tairi? Futi akauliza.

— Mimi nimebeba watu, Futi. Wewe umebeba suruali zao. Damu ya huyu imepikwa mbele ya mikate maisha yake yote. Ukiipeleka kwenye baridi inaganda, kama mafuta yaliyobaki kwenye kikaango. Nesi anapima ya juu juu. Chini huko kumeshikana.

— Kumbe ndiyo maana miguu mizito, ikasema simu.

— Umeona!

— Damu haina kosa, Futi akasema, na akaivuta futi yake kana kwamba mgonjwa yuko mbele yake. Tanuri, hebu niambie, suruali zinakukaaje?

— Zinashuka.

— Basi amenywea! Kitambaa ukikitia kwenye maji ya baridi kinarudi. Na ngozi ni nini kama si kitambaa? Mwakani atatujia akiwa mfupi kuliko hili birika.

— Unakula, kaka? akauliza Mama Kahawa.

— Nakula, dada. Lakini chakula cha huku kinapoa kabla sijapata wa kumwambia kwamba ni kitamu.

— Na mkeo?

— Mke wangu anakula kwa majirani. Amepata majirani, yule! Kila nyumba wanamjua.

Gurudumu akainua kidole. Akiinua kidole, hata wapita njia hupunguza mwendo.

— Sasa niwaambie kitu ambacho hospitalini hawakisemi. Jasho. Mtu huyu alikuwa anatoa jasho la kujaza ndoo kila siku ya Mungu. Baridi imeziba vitundu vyote vya ngozi. Jasho liko ndani, linazunguka, linatafuta mlango. Mnadhani litatokea wapi?

— Machoni, akasema Mama Kahawa.

Alikuwa anaosha vikombe, wala hakuinua kichwa.  Tukaisikia simu ikivuta pua, na Futi akaharakisha kusema kwamba baridi nayo ina mafua mengi.

— Jamani, ikasema simu. Nimefunga begi. Liko chini ya kitanda. Jumamosi nateremka. Mama watoto nitamwambia nakuja kuwasalimia.

— Kutusalimia mpaka lini? akauliza Futi.

— Hapo bado sijafika.

Kijiwe kikalipuka. Gurudumu akaahidi gari la mpwa wake, na yeye mwenyewe kwenye usukani. Futi akaahidi chumba cha nyuma ya duka, kile chenye majora ya vitambaa na dirisha lisilofunguka. Tukakubaliana kwa sauti moja kwamba hewa ya milimani inaua. Mimi, ambaye sijawahi kufika huko, nilikubali kwa sauti kubwa kuliko wote.

— Na kifua cha wifi yangu? Mama Kahawa akauliza. Hamjamuuliza kifua.



— Kifua amekisahau, ikasema simu. Ile dawa yake ya kuvuta imejaa vumbi kabatini. Hata sasa hayupo, kapanda kilima na wenzake kwenda kuangalia kabichi. Anapanda huku anaimba, Gurudumu. Kilima kizima, anaimba.

 Sote tulijua kwamba kila vumbi la kiangazi lilipoanza, Gurudumu ndiye aliyemkimbiza shemeji hospitalini, king'ora kikilia, Tanuri amekaa nyuma na unga mikononi, akimpepea mkewe kwa taulo hili hili.

— Analala kwa mto mmoja, simu ikaendelea taratibu. Chali, kama mtu. Mimi ndiye ninayekaa macho kumsikiliza.



Hapo ndipo akatokea mwalimu mgeni, aliyehamishiwa karibuni shule ya mtaani kwetu kutoka sehemu za baridi. Shati lake la mikono mirefu lilikuwa limemganda mgongoni. Alipokea kahawa, akatafuta pa kukaa, akaona lile taulo kwenye kivuli na simu juu yake.

— Samahani wazee wangu. Hapa pana mtu?

Futi akaitazama simu. Mimi nikachungulia ndani ya kikombe changu. Ukisema pana mtu, mwalimu ana macho. Ukisema hapana, simu ina masikio.

— Nauliza tu, akasema mwalimu. Ila joto hili, jamani, watu mnaishije?

Simu ikacheka. Kilikuwa kile kicheko cha zamani, cha tumboni, ambacho hatukuwa tumekisikia tangu ahame.

— Nani huyo?

— Mwalimu mgeni, akajibu Mama Kahawa. Katoka kwenye baridi.

— Mwalimu, hilo si joto. Ngoja mwezi ujao. Mwezi ujao utalala sakafuni.

— Mungu wangu!

— Na sakafu itakuchoma.

 Kwa mbali, upande wake, tukasikia mwanamke anaimba. Sauti ilikuwa inakaribia nyumba, haikatwi na kikohozi hata kidogo.

— Gurudumu, ikasema simu, sasa kwa haraka.

— Nipo.

— Jumamosi usije na gari. Acha nifungue begi kabla hajaingia. Na mpisheni mwalimu akae. Kesho nitamuuliza yeye jua likoje, nyie mnanidanganya.

Akakata.

Gurudumu, aliyeahidi gari la kumrudisha Tanuri, ndiye aliyeinuka. Aliiondoa simu, akamrudishia Mama Kahawa. Akalichukua taulo, akalikung'uta upande wa barabarani, akampa mwalimu afute uso.