Nusu ya Uso wa Mama yake Sayi

Pale Muleba mjini, ubavuni mwa studio ya picha ya Evelyne, kuna benchi la mbao lililolainika kwa kukaliwa. Josia huwasha jiko lake la kahawa hapo kila asubuhi, na birika halijachemka wenyewe wameshafika: Buberwa, anayeitwa Profesa kwa kuwa hajawahi kusema hajui kitu, na Clavery fundi pikipiki, anayeitwa Senene, kama panzi wale, kwa jinsi anavyoirukia hoja ya mwenzake kabla haijaisha. Siku hiyo Evelyne naye alitoka na kompyuta yake, akajibana katikati yao. Alikuwa na jambo la kuamua, na alishachoka kuliamua peke yake.

Alikuwa amepakua programu ya kuhariri picha, akapewa muda wa kuitumia bure. Muda huo ulikuwa unaisha jioni ile. Alishaizoea: ilifuta vumbi, ilirudisha rangi, ilimwondoa mpita njia aliyesimama nyuma ya maharusi. Lakini akiinunua, lenzi aliyoitamani tangu mwaka jana ingesubiri tena.

Senene alimwambia asinunue. Alisema programu ni kama shemeji: ukimlisha mara moja, kila mwaka atarudi na sahani. Profesa akaona huo ni woga tu, akamtaka kwanza aonyeshe kazi yake.

Evelyne akafungua picha ya Sayi, mchuuzi wa samaki wa kisiwa cha Bumbire. Ilikuwa ya marehemu mama yake, na hakuwa na nyingine. Ililowa ndani ya mtumbwi, maji yakafuta upande mzima wa uso. Sasa uso ulikuwa kamili, laini, wa kupendeza.

Benchi likachemka kuliko birika. Josia alitaka kujua programu ilimfahamu vipi mama wa Bumbire. Senene akasema imeazima shavu la mwanamke mwingine, na huyo mwanamke sasa anatembea na shavu moja. Profesa alikwenda mbali zaidi. Kwa maelezo yake, kuna watu huko ng'ambo wasio na mababu, na kampuni hizi huwauzia nyuso zetu. Haitapita muda, mtu fulani atamtundika mama yake Sayi ukutani na kumwita bibi.

Evelyne alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kanga. Alikuwa bado anajifuta Sayi alipofika kutoka mwaloni wanakoshushia samaki, akinukia dagaa, amevaa shati safi kwa ajili ya kuipokea picha. Wakampisha akae. Aliitazama kwa muda mrefu.

— Upande huu ni mama, alisema mwishowe. Upande huu simjui.

Hakusema kwa ubaya, lakini Evelyne alihisi masikio yakimwaka. Usiku uliopita aliusifu uso ule kwa uzuri wake, asijue kwamba uzuri huo haukuwa wa mtu yeyote. Akasogeza kompyuta kwenye kivuli.

— Nieleze alivyokuwa, kaka.

Sayi akaanza polepole. Shavu la upande ule lilijaa zaidi, kwa sababu ndiko alikotafunia kila kitu. Jicho lilikuwa dogo kidogo. Mdomo ulipanda alipotaka kucheka na kujizuia. Evelyne akafuta alichokuwa amekipokea kutoka kwa programu bila kuuliza, akaanza upya, akiitumia programu kama brashi: hapa kivuli, hapa mkunjo, kidogo tu. Ikizidi, Sayi anatikisa kichwa. Senene alivimbisha shavu lake ili litumike kama mfano, akakaa hivyo mpaka machozi yakamlenga. Profesa alishika mwavuli kuzuia mwanga.

Jua lilikuwa limehama benchi lote Sayi alipomshika Evelyne mkono.

— Acha hapo. Usiguse tena.

Mama alikuwa anawatazama, anakaribia kucheka, anajizuia. Sayi naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekutana na wa kwao sokoni bila kutarajia.

— Waitu, jamani, huyu sasa ni mama kweli, akasema Josia, ambaye hakuwahi kumwona.

Ndipo Sayi akasema, kwa aibu kidogo, kwamba hajawahi kupigwa picha akiwa na mama yake. Je, inawezekana wakawekwa pamoja? Angerudi kesho na nguo nzuri zaidi.

Kesho. Evelyne alitazama onyo la muda kuisha, lililokaa pembeni ya kioo cha kompyuta tangu asubuhi. Alifikiria lenzi, akaona bado anaitaka, na akaona pia kwamba hiyo inaweza kungoja. Akatoa simu, akalipa. Onyo likatoweka. Hakuna aliyempongeza, maana Senene alikuwa bado anakanda shavu lake.

— Kesho ya nini, kaka? Shati hilo linatosha.

Alileta kamera, akamsimamisha Sayi mbele ya ukuta mweupe wa studio. Profesa akaamuru mabega yanyooke, Josia akafuta gamba la samaki kwenye kola. Kila kitu kilipokuwa tayari, Sayi akageuka.

— Na mama angependa nikae upande gani?

Evelyne akashusha kamera. Senene akamtazama Josia, Josia akamtazama Profesa. Profesa alifungua mdomo, akaufunga, akanyoosha kikombe chake aongezewe kahawa.