Risala ya Wauza Maharage wa Tunduma kuhusu Makato ya Benki na Shamba la Mama Roda

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ezron Sinkala, Mbunge na Msemaji wa Kambi ya Upinzani kwa masuala ya fedha, viongozi mliofuatana naye, ndugu wananchi:

UKARIBISHO
Karibu Tunduma. Tunakuomba uisikilize risala hii yote, maana neno lililotuleta mbele yako liko mwishoni.

SISI NI NANI
Tulianza mwaka 2009, watu saba tukiuza maharage kwa debe karibu na mpaka. Leo tuko ishirini na mmoja, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wakuja. Benki ilitaka dhamana ya ardhi, na vibanda vyetu ni vya kupanga. Mwenye hati alikuwa mmoja tu: Mama Roda Mwashiuya wa Itaka, mjane, mwenye hati ya kimila ya ekari tatu za kahawa. Aliitoa kwa ajili yetu sote. Afisa alipomuuliza kama anaelewa anachosaini, alijibu, "Ninaelewa. Hawa ninakula nao."

TULICHOFANIKIWA
Mikopo miwili tuliilipa ikaisha, na wa tatu tunaulipa sasa. Kila Jumanne marejesho hukusanywa kwenye beseni moja, mbele ya wote, na kila mwisho wa mwezi yanapelekwa benki kwa slipu moja. Hakuna anayelipa peke yake, wala benki haijui nani amepungukiwa. Utaratibu huo tuliuonea fahari.

KILICHOTOKEA
Mheshimiwa, Julai mwaka jana ulihutubia Nanyala. Wengi wetu tulikuwepo. Ulisema serikali inapotoza ushuru kwenye ada za benki, benki humsukumia mkopaji. Ulisema itozwe faida ya benki, siyo shida ya mkopaji. Ulisema riba tunayolipa inakula faida yote ya gunia. Ulisema kweli, na hoja hiyo tunaiunga mkono hadi leo. Kisha ukasema, "Makato haya msiyakubali." Tulipiga makofi.

Jumanne iliyofuata mwenyekiti wetu, Mzee Shaban, alisimama mbele ya beseni. "Mmemsikia mheshimiwa. Tunalipa deni na riba. Ada na ushuru wake tunaondoa."

Mama Roda alikuwa anafunga na kufungua pindo la kitenge chake, kama afanyavyo anapopiga hesabu kichwani. "Tuiulize benki kwanza," alisema.

"Mama Anania, benki imekuposa nini?" mmoja wetu alimtania Mama Roda, akimwita kwa jina la mwanawe. Tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Naye alicheka kidogo. Sehemu yake angeweza kuilipa kamili, lakini slipu ilikuwa moja, na kujitenga kungekuwa kutuaibisha. Akaweka fedha zake kama wengine.

Kwa miezi mitano tuliondoa makato hayo, na nyuma ya kila slipu tuliandika: "Makato hatuyatambui." Tuliamini kwa kufanya hivyo tumeiarifu benki. Desemba Mama Roda aliitwa tawini Vwawa. Afisa mikopo, dada mstaarabu, alimgeuzia nakala moja ya slipu zetu. "Mama, mhuri wetu uko mbele. Huku nyuma hakuna aliyesoma."

Kila rejesho lilikuwa limehesabiwa pungufu, na adhabu zimepanda juu ya adhabu. Mama Roda aliuliza jambo moja tu: "Na kahawa iliyo mitini?" Akaambiwa shamba linauzwa pamoja na kilichomo. Mnada ni Alhamisi, tarehe 19 mwezi huu.

Alirudi akatueleza kwa sauti ya kawaida. Hakumtaja aliyemcheka. Bado anakuja kila Jumanne na kukaa mahali pake, ila beseni likimfikia analipitisha bila kulitazama.

OMBI
Mheshimiwa, hatusemi ulitudanganya. Ulitoa maoni, sisi tukayafanya amri. Kosa hilo ni letu, na fedha zilizopungua tumekwisha kuzichanga na kuzilipa. Zimebaki adhabu, ambazo hatuziwezi. Meneja anasema anaweza kuzifuta na kusimamisha mnada akiridhika kwamba hatukukusudia kukwepa deni. Lakini haamini kwamba watu wazima wote hawa walipunguza rejesho kwa sababu ya hotuba. Wewe unaweza kumwambia ulichosema Nanyala.

Tunajua jambo hili lina gharama kwako. Wapo watakaosema mpinzani anachochea watu wasilipe madeni. Tumelipima hilo kwa wiki mbili kabla ya kuandika, na hatukuona njia nyingine.

Tunaomba pia, utakaposimama kuhutubia leo, uwaambie wananchi waendelee kulipa kamili wakati wewe unaendelea kuidai haki yao bungeni. Huenda na kwingine wapo waliofanya kama sisi.

Tulimsomea Mama Roda risala hii kabla ya kuileta. Alisema, "Ondoeni maneno ya kunihurumia. Andikeni siku na saa." Tumeyaondoa. Kikao na meneja ni kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi, tawini Vwawa. Meneja tumemwandikia kwamba tutakuja watu ishirini na wawili. Sisi tuko ishirini na mmoja.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, na akupe moyo mwepesi wa kusimama penye maneno yako.

Ni sisi,
Kikundi cha Wauza Maharage Tuaminiane, Tunduma

Imesomwa na Fauzia Salum, Katibu
Jumapili, 8 Februari 2015