Hariri ya Maman Adélaïde Haikuwa ya Sanduku

Marehemu Adélaïde Bulonza alizaliwa Walungu tarehe 3 Machi 1936, mtoto wa pili wa Papa Cirhuza, mkulima wa ndizi na maharagwe.

Alisoma kwa masista wa huko huko hadi mwaka 1951. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Sindano na rangi ndizo zilizomtii. Baadaye, mjini Bukavu, sista mmoja alimfundisha kuchapa vitambaa kwa fremu: wavu mwembamba umewambwa kwenye mbao, umbo la ua limeachwa wazi, rangi inasukumwa kwa kipande cha mpira.

Tarehe 8 Agosti 1959 alifunga ndoa na Papa Léopold, karani wa posta, wakakaa Nguba. Majina ya ubatizo yalipokatazwa mwaka 1972, karatasi zilimwita Bulonza Cirhuza, lakini mtaani alibaki Maman Adélaïde.

Kazi yake ilikuwa hariri. Aliitia rangi kwa mkono, akaichapa mawimbi ya ziwa na maua ya maharagwe, kisha akashona kanzu na vitambaa vya mabegani. Hakurudia vazi hata moja. Ili rangi ishike, aliifunga hariri katika majani ya migomba na kuipika kwa mvuke. Siku moja jirani yake, Papa Anaclet, alifika na sahani mkononi, akidhani anapika mkate wa muhogo.

"Maman, kwanga yako bado haiyaiva?"

Maman Adélaïde alicheka hadi akakaa chini.

Mwaka 1974, serikali ilipowanyang'anya wageni maduka, duka alilonunulia hariri lilipewa mmiliki mpya, na rafu zikabaki tupu. Maman akawa anaifuata hariri hadi Bujumbura. Safari hizo hazikumvunja moyo. Waliomvunja moyo ni wanunuzi wake. Walinunua, wakasifu, wakafungia sandukuni. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani ili atazame mabega ya wanawake, na kila Jumapili aliona pagne tu, vitenge vya kiwandani. Siku moja alimkabili mnunuzi wake mmoja, Maman Eulalie, mlangoni mwa kanisa.

"Ile soie yangu, ile hariri uliyonunua, iko wapi?"

"Iko mu malle, mu sanduku, maman. Ni muzuri sana, naogopa itachafuka."

"Ikichafuka utafua! Mi nilitengeneza nguo, sikutengeneza picha!"

Alirudi nyumbani amefura, na sufuria za siku hiyo zilikiona cha mtema kuni.

Ugonjwa wa moyo ulimshika Oktoba 1982. Miguu ilivimba, akashindwa kusimama kwenye meza ya kuchapia. Alipolazwa hospitalini Ibanda, kila mama aliyekuja kumwona, Maman Adélaïde alimkagua nguo kwanza, ndipo akaitikia salamu. Hakuiona hariri yake hata kwa mmoja. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Juni 1984.

Ameacha mume, Papa Léopold. Watoto Anne-Marie, Xavier na Delphine. Mdogo wake Isidore. Na wajukuu wanne.

Akina mama, leo mmekuja mmevaa hariri zake, zinanuka naftalini ya sandukuni. Mmependeza, na familia inashukuru. Lakini inauma, inauma sana, kwa kuwa aliyetamani kuwaona hivi yumo ndani ya jeneza. Familia haiombi maua. Kesho nendeni soko la Nyawera mmezivaa hizo hizo. Nunueni sambaza, dagaa wa ziwani, bebeni watoto, zichafuke.

Mungu ampokee mtumishi wake Adélaïde, apumzike kwa amani.